Rafiki Yangu Aliificha Helmeti Yangu

Helmeti yangu haikuwepo.

Nimesimama pembeni ya uwanja, watu elfu arobaini wanapiga kelele, kocha ananiita niingie... na kichwa changu kiko wazi.

Nikaangalia chini ya benchi. Hamna. Nyuma ya madebe ya maji. Hamna. Nikamvua mwenzangu mmoja ya kwake kwa nguvu, ikagoma kupita kwenye masikio.

Halafu nikamwona Tavi anaingia uwanjani. Anakwenda kusimama kwenye nafasi yangu.

Aligeuka akaniangalia mara moja tu, akainamisha uso. Hapo hapo nikajua mwizi ni yeye.

Tavi, jamani! Mtu niliyekula naye sahani moja tangu darasa la nne!

Mnaonifuatilia humu mmeniuliza sana. Marquel, mbona uliacha mpira ghafla mwaka wa tatu chuoni, na kila mtu Alabama alikuwa anasema unaenda ligi kubwa? Nilikuwa nawajibu kwa utani. Leo nasema ukweli. Ila kuna sehemu ya katikati siikumbuki mpaka leo, nimesimuliwa tu, kwa hiyo tukifika hapo mnivumilie.

Mpira wetu ni ule wa Kimarekani, wa kushika mkononi na kuvaa helmeti, na mimi nilikuwa beki wa mwisho. Yaani wenzangu wote wakipitwa, nabaki mimi peke yangu na jamaa anayekuja mbio na mpira kwapani. Kazi yangu ni kumwangusha. Nikimkosa, amefunga, na mji mzima unajua nani kakosa.

Na mji wetu ni mdogo. Taa za barabarani mbili, makanisa kumi na moja, uwanja mmoja. Timu za shule zinacheza Ijumaa, na Ijumaa jioni maduka yanafungwa, hata mchungaji anahamisha mazoezi ya kwaya. Ukiwa sekondari na unavaa jezi ile, unakula bure karibu kila nyumba.

Aliyenifundisha kukaba ni Jamario Pettway. Alikuwa ametutangulia miaka miwili, naye beki wa mwisho. Mimi na Tavi tulimfuata kila alikokwenda. Na ndiye aliyetufundisha ujanja wa Agosti.

Iko hivi. Kila Agosti kabla ya msimu wanakupima kichwa. Unasomewa maneno kumi, unayarudia, wanaandika umeweza mangapi. Siku ukigongwa vibaya wanakupima tena, wanalinganisha. Ukishuka, unakaa benchi wiki kadhaa.

Jamario akatuambia, Agosti feli makusudi. Taja manne tu. Siku ukigongwa kweli, ukitaja manne watasema uko vilevile, unarudi uwanjani.

Tulicheka sana siku hiyo. Tukaona huyu jamaa kichwa.

Oktoba, Jamario akagongwa. Akapimwa, akataja manne yake, akaruhusiwa. Dakika chache baadaye akagongwa tena, kidogo tu, mgongano ambao hata sisi tuliokuwa benchi hatukushtuka. Akaanguka na hakuinuka. Alitoka hospitali mwezi wa pili.

Mpaka leo anakaa kwenye kibaraza cha mama yake, Bi Lorene, amevaa jezi yake. Kila anayepita, Jamario anamuuliza swali moja.

"Leo Ijumaa?"

Ukimwambia leo Jumanne, anatabasamu. Baada ya dakika moja anauliza tena.

Nilikuwa namwogopa, nasema ukweli. Nilikuwa nazunguka mtaa wa nyuma nisipite pale. Mama akinituma nimpelekee karanga za kuchemsha, naziacha getini natoka mbio. Mtu aliyenifundisha kila kitu, na nilimkimbia!

Wiki ile ile aliyoumia, mimi na Tavi tulikaa siti ya nyuma ya basi la shule tukapeana mkono. Kuanzia leo, mmoja akigongwa vibaya, mwenzake anamuuliza leo siku gani. Ukikosea, umetoka. Hakuna kubishana, hakuna kununa.

Sekondari yote jibu lilikuwa rahisi, Ijumaa. Tukapata chuo kimoja, na huko chuo mechi ni Jumamosi. Mwanzoni tulikuwa tunataniana. Nikiinuka na majani kwenye meno, Tavi anapiga kelele kutoka benchi, "Siku gani, mwanangu?" Namjibu, "Jumamosi, na wewe kalale!"

Ndiyo, kutoka benchi. Chuoni mimi nilicheza, Tavi akawa akiba wangu. Miaka miwili anakaa kwenye mbao, nafasi yake nimeikalia mimi. Hakuwahi kuninunia hata siku moja. Ndiyo maana yaliyotokea yaliniuma vile.

Kitu kingine lazima niseme. Tavi, baada ya Jamario, aliacha ujanja wa Agosti. Mimi sikuacha. Alinibana mara moja tu, akaniambia, "Marquel, huo mchezo utakuua." Nikamwambia mambo yangu aniachie mwenyewe.

Mwaka ule wa tatu kichwa kilianza kunigonga mwezi wa tisa. Taa za darasani zinaniuma macho. Asubuhi moja nikakuta maziwa nimeyaweka kabatini na sahani chafu ziko kwenye friji. Siku nyingine nilimpigia shangazi simu, akapokea, nikasahau jina lake. Nikakata. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, namwona Jamario kwenye kile kibaraza.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Wasaka vipaji wa ligi kubwa walikuwa wameshaanza kuja kuniangalia.

Basi, Novemba. Jumamosi, mechi ya saa nane na nusu mchana, wasaka vipaji watatu jukwaani na madaftari yao. Robo ya tatu jamaa mmoja mnene akachomoka na mpira. Mabeki wote kawaacha. Nikaingia kichwa mbele, kosa ambalo hata mtoto wa darasa la sita hapa kwetu anajua halifanywi.

Nakumbuka mlio. Baada ya hapo, giza.

Kinachofuata kichwani mwangu ni sauti ya Dokta Haverty, daktari wa timu, ananisomea maneno. Nikarudia. Nikataja manne.

Sikilizeni vizuri hapa. Sikuwa naigiza. Niliyatafuta yale mengine sita kwa moyo wote, hayakuwepo.

Dokta akaangalia karatasi yangu ya Agosti. Manne. Akamwambia kocha yuko vilevile, hajashuka. Kocha Strickland akanipiga begani, akasema ingia kazini.

Nikageuka kuchukua helmeti. Haipo.

Mengine mnayajua.

Tavi alipitwa mara mbili mchana ule. Mara mbili jamaa wakafunga, tukapoteza mechi, uwanja mzima ukamzomea. Mzee wa maji alipomwaga debe la barafu, helmeti yangu ikatoka chini kabisa. Kila mtu alikuwa amemwona Tavi akizunguka kwenye debe lile.

Nikamkuta chumba cha kubadilishia nguo. Nikampiga ngumi ya mdomo. Hakujikinga.

"Ulikuwa unaitaka nafasi yangu muda wote," nikamwambia.

Akajifuta damu. Akanitazama usoni taratibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Leo siku gani, Marquel?"

Nikaona ananikejeli. Baada ya kuniibia, bado ananiletea utani wetu!

"Leo ni siku ya mwisho mimi na wewe kujuana."

Kocha akamfukuza timu pale pale. Alipoulizwa kwa nini aliiba, hakufungua mdomo. Jioni nikaandika humu humu mtandaoni, nikamtaja jina, mkamtukana nyie wenyewe, baadhi yenu bado mpo. Mama akanipigia akilia, akasema kikulacho ki nguoni mwako, mtoto niliyemlisha mkate wa mahindi mezani kwangu. Asubuhi yake mama yake Tavi hakuonekana kanisani.

Jumapili mchana huwa tunakaa timu nzima kuangalia video ya mechi. Kiti cha Tavi kitupu. Video ile haina sauti, inapigwa kutoka juu kabisa ya jukwaa, unaona uwanja wote na mabenchi.

Ikafika kwenye mgongano wangu. Chumba kizima kikaguna. Kwa kawaida mpiga picha anazima mpaka mchezo uanze tena. Safari hii alisahau, ikaendelea.

Nikajiona nainuka. Nikajiona natembea kwenda benchi la wapinzani. Mwamuzi akanishika mkono akanigeuza.

Wenzangu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu hiyo safari siijui.

Kwenye kioo namba ishirini na nne anavuka uwanja. Anakwenda moja kwa moja mpaka kwa Tavi. Tavi anamwambia kitu. Ishirini na nne anajibu. Halafu anavua helmeti kwa mikono miwili, anamwekea Tavi kifuani, anasema maneno mengine, anaenda kukaa.

Ishirini na nne ni mimi!

Nilimpa mwenyewe. Kwa mikono yangu.

Nikasubiri kumbukumbu ije. Nikafumba macho, nikafumbua. Haikuja hata chembe. Nikainuka kwenye kiti. Nikatoka nje, nikaenda kumtafuta Tavi.

Nilimkuta Tavi chumbani kwake anapanga nguo kwenye begi, mdomo umevimba. Nikabaki mlangoni.

"Ile helmeti nilikupa mwenyewe?"

"Ulinipa mwenyewe."

"Nilisema nini?"

Akakaa kitandani. Akakunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuuliza leo siku gani. Ukasema Ijumaa."

Nikashika fremu ya mlango.

"Nikadhani unatania," Tavi akasema. "Halafu ukanipa helmeti. Ukaniambia umechoka, nimpe Jamario aingie badala yako. Ukaanza kumtafuta kwenye benchi, Marquel. Ukaniuliza amekaa wapi."

Nililia mlangoni pale kama mtoto. Sioni aibu kusema.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Akasema alikuwa anakwenda kumwambia, akamsikia Dokta akisema niko vilevile, sijashuka. Akajua ni yale manne yangu. Angesema pale, wangegundua nilifeli makusudi tangu Agosti, na wale wa ligi wako jukwaani wanaangalia. Jina langu lingechafuka siku hiyo hiyo.

"Nikaona bora mimi niwe mwizi," akasema. "Nikakupa mpaka Jumatatu useme mwenyewe. Usingesema, ningesema mimi. Barua ipo kwenye begi hapo."

Alinionyesha. Ilikuwa imeandikwa kwa Dokta Haverty, kurasa mbili, na imeshatiwa sahihi.

Haikuhitajika. Jioni hiyo hiyo tulikwenda wote. Nilimweleza Dokta kila kitu, maneno manne, maziwa kabatini, jina la shangazi. Akanipeleka hospitali kupigwa picha ya kichwa. Ilipotoka, akanionyesha kwa kidole. Kulikuwa na damu imevuja ndani.

"Ungerudi uwanjani jana, ukagongwa hata kidogo..." akasema, akaishia hapo. Mimi nilikuwa najua mwisho wake. Huwa unakaa kibarazani kwa Bi Lorene.

Huo ndio mwisho wangu wa mpira. Tavi alirudishwa kikosini na akamaliza chuo kwenye nafasi yangu, kwa haki. Kocha alimwomba radhi mbele ya timu. Mimi nilimwomba radhi humu humu nilipomtukania, mnaikumbuka ile posti mliyosema nimelewa.

Miezi mitatu baadaye nilirudi nyumbani. Mama akachemsha karanga. Safari hii sikuziacha getini. Nilipanda kibarazani kwa Bi Lorene, nikakaa kiti cha pembeni. Jamario akachukua karanga, akamenya moja, akanigeukia.

"Leo Ijumaa?"

Nikafungua mdomo nimjibu.

Sikujua.

Nawaapia, sikujua. Nikatafuta ndani ya kichwa, hamna. Ikabidi nitoe simu mfukoni niangalie.

"Alhamisi," nikamwambia.

Jamario akatabasamu, akanisogezea karanga. "Basi kesho," akasema.

Tukakaa pale mpaka Bi Lorene akatuita kula.

Ndugu zangu, mama alisema kikulacho ki nguoni mwako akimsema Tavi. Kumbe kilichokuwa kinanila ni uongo wangu wa Agosti, nilioubeba mwenyewe miaka saba nikiuita ujanja. Nyie wachezaji mnaosoma hapa, mkipimwa kichwa, tajeni maneno yote mnayoyakumbuka. Na ukiwa na mtu anayekubali kuitwa mwizi ili wewe uwe hai, usimpige ngumi kabla hujamuuliza.

Tavi ananipigia kila wiki, siku yoyote anayoitaka yeye. Hasalimii. Anauliza tu leo siku gani, na anasubiri.

Namjibu sahihi kila mara. Hajui kwamba huwa naangalia simu kwanza. Sasa atajua, maana naye anasoma hapa.