Moyo wa Nyatichi Ulipotulia

Isebania ilikuwa imefurika siku hiyo. Malori yalijipanga foleni ndefu, wabadilishaji pesa walipunga mabunda ya noti, na wanawake waliotoka Sirare, upande wa Tanzania, walivuka mpaka na vitenge vichwani. Nyatichi alikuwa mmoja wao. Alivaa gauni la kijani lililombana kiuno, na viatu vyeupe ambavyo hakutaka viguse matope. Alikuwa ameinama kuviangalia, ndiyo maana hakuliona lori lililokuwa likirudi nyuma.

Mkono ulimshika begani, ukamvuta hadi akaangukia kifua cha mtu. Tairi likapita pale pale alipokuwa amesimama.

"Dada! Unataka kufa na vitenge vizuri hivyo?"

Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la buluu lililojaa madoa ya grisi. Nyatichi alivishika vitenge kichwani kwa mikono miwili. Moyo ulimpiga hadi akausikia masikioni.

"Unatetemeka. Kaa hapa kwanza," kijana alisema. "Naitwa Gisiri. Mimi Mkuria, kwetu ni hapa tu, lakini kazi iko Homa Bay. Natengeneza friji za watu wa samaki."

"Mimi Nyatichi. Niko Migori, kwa saluni."

"Sasa nikupigie kwa namba gani nijue kama umefika?"

"Umeniokoa ndiyo uombe namba?"

"Namba ningeomba hata kama hilo lori halingekuja."

Nyatichi alicheka, akampa. Lakini alipofika Migori moyo ulikuwa bado unakimbia, na kesho yake pia. Gisiri alipopiga simu, ulizidi. Alipokosa kupiga, haukupunguza mwendo. Usingizi ukapotea. Mikono ikaanza kutetemeka, naye kazi yake ilikuwa kunyoa nyusi za wanawake kwa wembe.

"Risper, naogopa," alimwambia mwenye saluni, mama Mjaluo aliyempenda kama mdogo wake. "Nitakuja kumkata mtu jicho."

Risper aliangua kicheko, akamwita binti wa Kisii kwa Kijaluo. "Nyar Kisii, hayo ndiyo mapenzi! Mimi nilipompata baba ya watoto sikula wiki nzima."

"Mimi nakula. Nakula sana, na bado nakonda."

"Basi hayo ni mapenzi ya kisasa."

Nyatichi akaamini. Alitaka kuamini. Mwezi uliofuata Gisiri alimwalika Homa Bay, wakaketi kwenye kibanda cha samaki karibu na ziwa. Gisiri alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na alinukia sabuni. Gauni la kijani sasa lilimning'inia Nyatichi kama limeazimwa.

"Babe, huyo ni samaki wa pili," Gisiri alimtania. "Unakula kama mtu wa mjengo aliyebeba mawe siku nzima. Inaenda wapi?"

Nyatichi alisukuma sahani kando. Alichukua mkono wa Gisiri, akauweka kifuani pake. "Sikia."

"Wueh! Hii si moyo, hii ni pikipiki."

"Ni wewe umeniwashia. Wako pia unakimbia hivi?"

Gisiri aliangalia ziwa kidogo. "Unakimbia, mpenzi. Hata zaidi."

Nyatichi akafurahi, lakini hofu haikumtoka. Alishindwa kuelewa mapenzi yanayomfanya mtu ashike ukuta akipanda ngazi. Mara nyingine alikaa kitandani akiusikiliza moyo kama mtu anayesikiliza mwizi nje ya dirisha. Akafikiri, nikimpenda huyu mtu zaidi ya hapa, nitakufa.

Sabato moja, kanisa lilipokuwa limesimama likiimba, giza lilimjia machoni akaanguka kati ya viti.

Daktari wa kliniki alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alimgusa shingo, akamwambia ameze mate, akamtoa damu ikapimwe. Majibu yalipotoka alivuta kiti karibu.

"Hii shida ilianza lini?"

"Nilipokutana na mtu."

"Huyo mtu hana makosa. Kuna tezi hapa shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Hiyo ndiyo inakimbiza moyo, inakutetemesha, inakukondesha. Pengine ilianza kabla hujamwona. Ungechelewa, moyo ungechoka kabisa. Nitakupa dawa ya tezi, na hii nyingine ya kutuliza moyo."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Yule mtu. Yeye pia ni tezi?"

Daktari alianza kuandika dawa. "Hiyo, dada yangu, sina kipimo chake."

Dawa zilifanya kazi. Usingizi ulirudi, mikono ikatulia juu ya wembe, mashavu yakajaa. Risper alimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya wateja. Lakini Nyatichi alikuwa na hofu mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, na hakuweza kumwambia mtu. Vipi ikiwa yote yalikuwa ugonjwa? Vipi ikiwa kila neno tamu alilomwambia Gisiri lilitoka kwenye tezi?

Gisiri alikuja Migori na mkoba mwekundu wa zawadi, akasimama mlangoni pa saluni akitabasamu. Nyatichi alisubiri moyo uruke. Haukuruka. Ulipiga polepole, kama anamwona mteja yeyote tu. Mwili wake wote ukaingia baridi.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Gisiri aliuliza.

"Usinipigie simu kwanza."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Kuna mtu mwingine?"

Angesema nini? Kwamba kulikuwa na tezi? Aliinamisha kichwa, akanyamaza. Gisiri aliuchukua ule ukimya kama jibu. Aliweka mkoba juu ya kiti, akaondoka bila kugeuka. Simu zikakoma. Nyatichi akajiambia ni afadhali hivyo, kuliko kumdanganya mtoto wa watu maisha yake yote.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliingia saluni akihema.

"Mmesikia ya Muhuru Bay? Mtungi wa gesi umepasuka kwa ghala la samaki! Fundi wa friji alikuwa ndani. Wanasema ni Mkuria, ametoka Homa Bay."

Nyatichi alimpigia Gisiri. Mteja hapatikani. Akapiga tena, na tena. Wembe ulikuwa bado mkononi mwake, wala haukutetemeka.

"Nyathina, mwanangu, keti," Risper alisema. "Tungoje habari."

Hakuketi. Alitoka na aproni yake ya kazi, akasimamisha bodaboda ya kwanza. "Muhuru Bay. Haraka."

Njia nzima picha zilimpitia akilini. Alimwona Gisiri amefunikwa shuka. Alimwona mama yake Gisiri, ambaye hakuwa amewahi kukutana naye, akipiga mayowe Isebania. Hofu ilimjaa kuanzia nyayo, na katikati ya hofu hiyo moyo wake, uliofungwa breki na dawa, ulipiga taratibu kama wa mtu anayeosha vyombo. Aliweka mkono kifuani kuhakikisha. Taratibu tu. Hapo ndipo alipoanza kulia mgongoni kwa mwendesha pikipiki.

"Madam, nipunguze?"

"Ongeza!"

Alimkuta kwenye benchi nje ya zahanati, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi viwikoni, nyusi zimeungua. Alikuwa hai. Nyatichi alisimama mbele yake.

"Umekuja kunihurumia?" Gisiri aliuliza bila kuinua macho.

"Hakuna mtu mwingine. Hakuwahi kuwako. Nilikuwa mgonjwa, Gisiri." Akamwambia yote: tezi, damu, dawa, moyo uliokataa kuruka siku ile mlangoni. "Niliogopa. Nilidhani dawa zimekutoa ndani yangu."

Gisiri aliinua macho. Kisha mabega yake yakatikisika, na Nyatichi hakujua kama ni kicheko au kilio.

"Mimi nilikudanganya," alisema. "Siku ile Homa Bay. Moyo wangu haujawahi kukimbia, hata mara moja. Nikiwa na wewe ndiyo unatulia. Wako ulikuwa unaenda kama pikipiki, nikaona nikikwambia ukweli utasema sikupendi."

"Gisiri!"

"Naapa. Nimekuwa naogopa tangu siku hiyo."

Nyatichi aliketi kando yake. "Daktari anasema haijaisha. Huenda nikapasuliwa shingo. Huenda mwili ukabadilika tena, sijui nitakuwa nani."

"Itabidi nimzoee huyo pia." Aliinua bandeji zake. "Nataka kukupeleka kwa mama, lakini siwezi hata kufunga vifungo vya shati."

"Unatafuta mke ama nesi?"

"Mke. Unesi ni wa mpaka mikono ipone."

"Na nikiogopa?"

"Twende ukiogopa."

Nyatichi alimrekebishia kola ya shati iliyoungua upande mmoja. Hakusema ndiyo. Alianza kufunga kifungo cha juu, kisha kilichofuata.

Mwendesha bodaboda alikuwa akingoja barabarani, injini ikinguruma. Akapiga honi. "Madam, tunarudi ama?"

"Wewe rudi tu," Nyatichi alimwambia. "Mimi nimefika."