Nyambizi Aliyoiacha Hinrich

Antje Carstensen alikuwa akiuza dagaa wa moshi bandarini katika mji wa Eckernförde. Kila nyambizi ilipotoka kwenye kambi ya wanamaji iliyokuwa jirani, aliacha kufunga samaki akaitazama mpaka mgongo wake mweusi ukatoweka. Chuma kizito vile kinashukaje bila kupitiliza hadi chini? Na kinarudije juu? Mumewe Hinrich, fundi wa kuchomelea, angemjibu. Lakini Hinrich alifariki majira ya baridi.

Aliacha kwenye banda lake la kazi nyambizi ndogo aliyoiunda mwenyewe, urefu wa mkono, ambayo hakuwahi kuitia majini. Binti yao Silke alitaka waiweke kabatini iwe pambo. Antje alikataa. Hinrich, alisema, hakuwa mtu wa kutengeneza mapambo.

Jumapili moja wakaipeleka ziwani na rimoti yake. Ikaelea kama bata, kuzama ikakataa. Nyumbani, Antje aliona bomba la shaba tumboni mwake, tupu kabisa. Akalijaza vipande vya risasi, yale madini mazito. Waliporudi ziwani ikazama kweli, ila haikuibuka tena. Silke akaingia majini mpaka kifuani, akaitafuta kwenye tope kwa nyayo. Alitoka nayo, anatetemeka kwa baridi.

"Mama, hii sasa ni nanga," alisema. "Tuiweke kabatini kabla haijaniua."

Kesho yake jirani yao, Okke Lorenzen, alikuja kununua dagaa. Kabla ya kustaafu, Okke alishika usukani wa nyambizi miaka mingi. Antje alimsimulia yote, naye akaomba kuiona. Jioni hiyo aliifungua juu ya meza ya jikoni, akacheka.

"Nani katia risasi humu?"

"Mimi," alisema Antje. "Si palikuwa patupu?"

"Ndivyo panavyotakiwa, jirani. Hili ni tangi la maji. Nyambizi haishuki kama jiwe. Inameza maji mpaka uzito wake ulingane na wa maji inayoyasukuma kando. Hapo haipandi wala haizami. Ikitaka kurudi juu, inayatapika."

Nyambizi kubwa, alieleza, huyatoa maji kwa hewa iliyoshindiliwa. Hii ya Hinrich ilikuwa na pistoni ya kuyavuta na kuyasukuma, ila waya wake ulikuwa haujaungwa.

Antje hakuridhika. Ikishalingana na maji, aliuliza, inakwendaje chini zaidi? Okke akamwonyesha mapezi ubavuni. Yakiinamishwa huku chombo kinatembea, maji huyasukuma, pua ikaelekea chini au juu. Usukani wa nyuma hugeuza kushoto na kulia. Lakini mwendo ukikatika, mapezi hayana kazi. Hapo unategemea matangi tu.

"Na kusawazisha uzito ni lazima," aliongeza. "Watu wakikusanyika nyuma, pua inapanda. Tunahamisha maji kutoka tangi la nyuma kwenda la mbele."

"Mpishi akinenepa je?" aliuliza Silke.

"Tunamwaga maji kidogo nje. Chakula hatupunguzi."

Waliunga waya, wakatoa risasi yote tangini. Kisha wakajaza maji kwenye beseni la kuogea. Wakawa wanafunga kipande kidogo cha risasi chini ya tumbo, mara mbele, mara nyuma, mpaka nyambizi ikakaa sawa, tangi limejaa, ncha ya mnara wake wa mgongoni tu ikichungulia. Silke ndiye aliyeng'ang'ania wajaribu tena kila ilipoinama.

Ziwani, Antje alisukuma kijiti cha rimoti. Mgongo ukashuka taratibu. Akainamisha mapezi. Nyambizi ikaingia chini, ikapita kama kivuli cheusi kando ya gati, ikakata kona. Maji juu yake hayakutikisika. Alipoyatoa maji tangini, ikaibuka pua mbele, inameremeta.

Antje alikumbuka jioni zote ambazo Hinrich alichelewa bandani, naye akimnung'unikia kwamba chakula kinapoa. Laiti angeingia siku moja akamuuliza.

Silke alikuwa amenyoosha mkono. "Nipe na mimi, Mama."

Antje akampa rimoti, akamweleza lile tangi linavyofanya kazi, toka mwanzo.