Kasoro Tatu za Bunduki ya Mjane

Bunduki iliyokaa darini miaka tisa haina ruhusa ya kunuka baruti mbichi. Fundi alilijua hilo, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu kichwa chake kina nywele. Aliinamisha pua kwenye mitutu miwili, akanusa, akaguna, akanusa tena.

"Mjane kasema haijapigwa tangu mumewe afariki," alisema shemeji yake. "Yule mama hana sababu ya kudanganya."

"Kila muuzaji ana sababu, shemeji. Kaa chini."

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa mke wa fundi, mlinzi wa shamba la mahindi. Walimwita Kirungu kwa sababu miaka yote alilinda kwa kirungu, na nguruwe pori walishamzoea hata hawakimbii tena. Mwezi uliopita mmoja alimchana paja. Kibali cha silaha alikuwa nacho mfukoni. Kilichobaki ni neno la fundi tu, inunuliwe au isinunuliwe.

Fundi alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku ile, bali ule wa miaka, unaolala nao na kuamka nao. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo siku hizi alifanya kazi na mkewe: yeye anakagua na kutamka kasoro, mkewe anaziandika daftarini, kisha anatia sahihi yake chini ya ukurasa. Bunduki hulazwa nyumbani siku tatu, ikaguliwe tena akili ikiwa imetulia, ndipo mnunuzi apewe jibu, naye akiichukua atie sahihi.

Alifungua mitutu, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja. "Wa kushoto una vishimo vya kutu. Vingi."

"Vingi," alirudia mkewe, akiandika.

Akaifunga, akaitikisa karibu na sikio. "Bawaba imelegea. Inacheza."

"Inacheza."

Akapitisha kidole gumba kwenye kitako. "Ufa huu hapa, kwenye shingo ya kitako."

Mkewe akaandika ufa, akatia sahihi, akafunga daftari.

"Kwa hiyo?" aliuliza Kirungu.

"Kwa hiyo ni chuma chakavu. Lakini siku tatu ni siku tatu. Njoo Ijumaa."

"Haya. Nitawaambia nguruwe wasubiri."

Asubuhi ya pili fundi alipitisha tena kidole kwenye kitako, na ufa haukuwepo. Mti ulikuwa laini. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Mke wangu, umepaka kitu hapa?"

"Nipake bunduki, mimi? Hata miguu yangu imenishinda kuipaka mafuta." Alikuwa ananyanyua birika. Mkono ukalia ta! kama kijiti kikavu, na birika likaanguka.

Zahanati walisema mfupa una ufa. Waliuliza alianguka wapi. Hakuanguka popote, alisema, alinyanyua birika. Wakamfunga mkono na kutazamana.

Mchana ule bawaba ilikuwa imekaza. Fundi aliitikisa mara tatu, kimya. Na mkewe alipotaka kuinuka kitini, goti likateguka upande, likarudi, likateguka tena, akabaki ameshika meza akicheka kicheko cha kukata tamaa. "Leo nimekuwa kiti kibovu, mume wangu." Fundi hakucheka. Alikuwa ameanza kuogopa.

Alijua anachopaswa kukiangalia na hakutaka kukiangalia, lakini miguu ilimpeleka hadi dirishani, mikono ikafungua mitutu, na jicho likashuka lenyewe kwenye ule wa kushoto, ambao jana ulikuwa na vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui na leo ulikuwa umebakiza vichache tu, viwili, vitatu, na alipokuwa anavihesabu hewa ya moto yenye baruti ilitoka mtutuni ikampiga jichoni, ikarudi ndani, ikatoka, ikarudi, taratibu, ikipiga mluzi mwembamba kila inapoingia, na kutoka chumba cha pili mkewe akaanza kukohoa, na kila alipovuta pumzi kifua chake kilipiga mluzi uleule, kwa wakati uleule.

Alikwenda kumwita mganga. Mwanamke mnene, walimwita Bi Kizito, akaingia anahema, akakaa kabla ya kusalimia. Bunduki hakuigusa.

"Kasoro zake nani kaziandika?" alinong'ona.

"Mke wangu."

"Na sahihi?"

"Yake."

Bi Kizito akafumba macho. "Humu mna jini. Limechoka kukaa kwenye nyumba mbovu, linaitengeneza. Kila kasoro linamhamishia aliyeitilia sahihi. Mtutu ukisafika wote, linaondoka na mnunuzi, likafanye yake huko. Na mkeo..."

"Niivunje?"

"Vunja, uone ni nani atakayevunjika."

"Basi dawa yake nini, mama? Niambie!"

"Sahihi ibadilike. Ubovu haufutiki, baba. Unahama tu. Tafuta wa kuubeba." Akachukua fimbo yake akaondoka bila kudai chochote, na hilo lilimtisha fundi kuliko maneno yote.

Ijumaa Kirungu alikuja anachechemea, akaiona bunduki mezani inang'aa.

"Shemeji! Umeifanyaje? Mpya kabisa! Nipe kalamu, natia sahihi wapi?"

Chumbani mkewe alikuwa anavuta pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Fundi aliutazama mkono wa Kirungu uliokwisha nyooshwa. Kijana ana mapafu mapana, aliwaza. Angestahimili. Na aliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda baadaye kukumbuka, maana alimpenda mkewe kuliko kitu chochote, na alikuwa amechoka mno kuwa mtu mwema.

Kisha akaishika kalamu mwenyewe. Akafungua daftari, akapiga mstari juu ya sahihi ya mkewe, akaandika yake.

Goti lilimtoka kwanza. Halafu mkono, ta! Halafu kifua kikajaa kutu, akaanza kukohoa akiwa sakafuni, na Kirungu akipiga kelele. Mkewe alitokea mlangoni kwa miguu yake, anapumua vizuri, akaona daftari, akaelewa.

"Nani kakutuma?" alilia. "Miaka yote hii hubebi hata kikapu bila mimi, leo ndiyo unajifanya shujaa?"

"Usiguse..."

Alishaichukua kalamu. Akaandika jina lake pembeni ya la mumewe, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Akakohoa. Pumzi ya fundi ikafunguka nusu. Wakabaki pale chini, wameegemeana, kila mmoja na nusu ya kifua.

Kirungu alikwenda kuirudisha bunduki kwa mjane. Alikuta nyumba tupu, majirani hawajui kahamia wapi. Akaileta tena, akarudi kwa kirungu chake na nguruwe wake.

Sasa imetundikwa ukutani karakanani, na habari za bunduki inayong'aa zimeenea. Kila wiki huja mtu, anaigeuzageuza, anachungulia mitutu, anaitikisa sikioni. Haina doa. Anauliza bei.

"Mbovu," husema fundi. "Isinunuliwe."

"Mbovu wapi? Nionyeshe."

Fundi hana cha kuonyesha. Miaka arobaini watu waliliamini neno lake, na leo wanamwangalia kwa huruma. "Mzee, macho yako yamekwisha," alimjibu mmoja juzi, tena kwa upole. "Nitarudi na fundi mwingine."

"Kasema mbovu!" mkewe akapaza sauti kutoka ndani, akashikwa na kikohozi. Fundi naye akakohoa. Walipotulia wote wawili, yule mnunuzi akasikia wa tatu ukutani akivuta pumzi, ndefu, safi, ya mwenye afya.