Bahasha kwenye Koti la Mheshimiwa

Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, kazi ya Jaji ilikuwa kuokota pini. Aliburuta sumaku kwenye sakafu ya karakana ya ushonaji ya shangazi yake, chini ya cherehani mbili, chini ya meza ya kukatia, mpaka sumaku ikaota miiba kama nungunungu. Kisha alifagia vipande vya vitambaa na kuvitia kwenye gunia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina la Jaji alipewa mtaani kwa sababu watoto walipogombania mpira, umetoka au haujatoka, yeye ndiye aliyeitwa kuamua. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Jumamosi hiyo alimaliza kabla Shangazi hajamaliza kutafuna.

"Leo umefagia au umepuliza?" Shangazi aliuliza.

"Nimefagia. Na wewe uliniahidi meza."

"Niliahidi, kweli. Mdomo huponza kichwa."

Jaji aliitaka meza hiyo kwa ajili ya mchezo. Binamu yake aliyekuja likizo alimfundisha na kumwachia kitabu cha kanuni kilichochakaa. Katika mchezo huo mmoja huwa msimulizi. Yeye ndiye anayejua kisa, anawaeleza wenzake wanachokiona, na kumsemea kila mtu wanayekutana naye. Wengine huwa mashujaa. Kila mmoja huamua shujaa wake atafanya nini, kisha hurusha dadu tatu. Jumla ikifika kumi na moja, amefaulu. Isipofika, pole yake.

Mwalimu wa maktaba alikuwa tayari kumpa Jaji chumba kidogo cha nyuma, kile cha viti vibovu, ili aanzishe chama cha mchezo huo shuleni. Ila alikuwa na sharti. "Niletee sahihi za watu watatu ambao hawajawahi kuucheza," alisema, "na ambao wakishacheza mara moja watataka kurudi. Mwisho ni Jumatatu. Baada ya hapo chumba nitawapa watu wa kwaya."

Kwa hiyo Jumamosi hii ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wa kwanza kufika alikuwa mdogo wake wa miaka kumi, aliyeitwa Kishindo, na ukimsikia akifunga mlango huhitaji kuuliza sababu. Wa pili alikuwa Kimya, rafiki yake wa darasani, msichana ambaye hutumia maneno kana kwamba yanauzwa. Alikuja na daftari na kalamu mbili. Wa tatu hakuja. Alituma ujumbe kwamba mama yake amempeleka kunyolewa.

Jaji alihisi machozi yanamlenga. Shangazi alimtazama, akatazama saa ukutani.

"Mteja wangu wa suti ya arusi anakuja saa kumi na moja," alisema. "Mpaka hapo mikono yangu haina kazi. Nitacheza mimi."

Suti yenyewe, nyeusi, imepigwa pasi ikanyooka, ilikuwa imevalishwa sanamu ya karakana. Sanamu hiyo waliiita Mheshimiwa, kwa kuwa haikuwa na kichwa lakini kila siku ilivaa vizuri kuliko mtaa mzima.

Jaji akafuta machozi, akainua bahasha iliyobandikwa gundi. "Humu ndani mna jina la muuaji," alitangaza. "Nimeliandika kabla hatujaanza, ili hata mimi nisiweze kulibadilisha. Haki mbele." Akaipachika bahasha kwenye koti la Mheshimiwa kwa pini, taratibu, kwenye bitana tu, kile kitambaa chepesi cha ndani, kama Shangazi alivyomfundisha. Kitambaa cha suti iliyokamilika hakichomwi pini.

Kila mmoja akachagua shujaa. Kishindo alikuwa mpiganaji mwenye rungu, na hapo hakuna aliyeshangaa. Kimya aliandika kwenye daftari "mganga wa mitishamba" akawaonyesha. Shangazi alisema, "Mimi ni fundi cherehani."

"Shangazi, huu ni mchezo wa mashujaa."

"Kwani mashujaa wenu wanatembea uchi?"

Basi akawa fundi cherehani. Jaji alisimamisha kipande cha boksi mbele yake ili wasione karatasi zake, akakohoa, akaanza. Aliwapeleka kwenye kasri lililojengwa juu ya mawingu. Usiku wa karamu, mchawi wa Mfalme alikuwa amekutwa amekufa maktabani, mlango umefungwa kwa ndani. Washukiwa walikuwa wanne: Waziri, Binti Mfalme, zimwi linalolinda lango, na jini mpishi, ambalo mwili wake wote ulikuwa moshi.

"Nampiga rungu," Kishindo alisema.

"Nani?"

"Mchawi."

"Ameshakufa, Kishindo."

"Nahakikisha."

Kimya alirusha dadu, akapata kumi na mbili, na Jaji akamweleza kwamba katika kiganja cha marehemu mna kifungo cha fedha. Jaji alijivunia sana kifungo hicho. Kilikuwa dalili ya kwanza kati ya tisa. Karatasi zake zilikuwa kumi na moja, zenye ramani ya mahandaki, kitendawili cha kisima, na wimbo wa zimwi wenye beti nne. Alikuwa amezihangaikia wiki tatu. Kwa hesabu yake mchezo ungekwenda saa tatu nzima.

"Kifungo kimetoka na uzi peke yake," Shangazi aliuliza, "au kimetoka na kitambaa?"

Jaji hakutegemea swali hilo lije mapema hivyo. "Na kitambaa," alisema, akiona ni jambo la kupendeza. "Kipande kidogo cha buluu."

"Basi koti la muuaji lina tundu. Hata akishona kifungo kipya, kwa ndani kiraka kitaonekana. Waite wote. Kila mwenye koti aligeuze nje ndani." Akarusha dadu. Tano, nne na sita. "Kumi na tano. Nimefaulu?"

Alikuwa amefaulu, tena vizuri. Jaji alitazama saa. Dakika ishirini tu zilikuwa zimepita. Muuaji alikuwa Waziri, na kiraka kilikuwa kwenye koti lake la buluu, kimeandikwa kabisa kwenye karatasi ya tisa. Akijibu ukweli, mchezo umekwisha. Wimbo wa zimwi hautaimbwa. Watasema, "Ndiyo hivyo tu?" na wataenda zao, na chumba kitachukuliwa na kwaya.

"Binti Mfalme, koti zima," alisema nyuma ya boksi lake. "Waziri..." Ulimi ulisita. "Zima."

Shangazi alikunja uso kama mtu aliyeonja chai akakuta haina sukari. Kimya aliandika.

Kuanzia hapo kisa kilianza kuchechemea. Kama Waziri si muuaji, ilibidi awepo mwingine, na kwa haraka zake Jaji aliamua ni jini mpishi. Akaanza kufuta na kuandika upya nyuma ya boksi, raba ikimwaga unga mapajani. Nyayo zilizokuwa za buti zikawa hazipo. Ufunguo uliokuwa mfukoni mwa Waziri ukahamia jikoni. Kishindo alipigana na zimwi mara tatu, na mara ya tatu zimwi lenyewe liliomba mapumziko. Wimbo uliimbwa beti zote nne, na Shangazi alipiga mwayo kwenye ubeti wa pili.

Ndipo macho ya Jaji yalipoangukia bahasha. Ndani bado mlikuwa na jina la Waziri.

"Nendeni mkanywe maji," alisema. "Mashujaa lazima wanywe maji."

Walipotoka kwenda bombani, alichomoa bahasha mpya kwenye droo ya Shangazi, akaandika "Jini" kwenye karatasi, akabandika gundi, akabadilisha. Ile ya zamani akaificha kwenye soksi. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na wenzake walipoingia walimkuta ameketi wima kama mtoto anayepigwa picha.

Ilipofika saa kumi, wachezaji walikuwa wamechoka. Kishindo alikuwa amelaza kichwa mezani.

"Tumeshindwa," alisema. "Tuambie tu ni nani."

"Ni jini mpishi," Jaji alisema, akijilazimisha kuchangamka.

Kisha Kimya, ambaye mchana kutwa hakuwa amesema maneno kumi, akafungua daftari lake mwanzo. "Ukurasa wa kwanza," alisoma. "Jini ni moshi mtupu. Ukurasa wa pili. Kifungo kilitoka na kitambaa cha koti la muuaji." Akainua macho. "Moshi unavaa koti?"

"Alikuwa... aliazima koti."

"Akalining'iniza wapi?" Shangazi aliuliza.

Kishindo aliinua kichwa. Alichukua dadu tatu na kuzirusha katikati ya meza. "Najaribu kujua kama Dada anadanganya," alisema. Sita, sita na tano. "Kumi na saba. Anadanganya."

"Hiyo hairuhusiwi. Mimi simo kwenye mchezo."

"Bahasha ipo," Shangazi alisema kwa utulivu. "Itatuamulia." Akainuka, akaenda kwa Mheshimiwa. Hakuigusa bahasha. Aliinama, akavaa miwani, akasogeza pua mpaka karibu na ukosi wa koti. "Mchana pini hii ilikuwa kwenye bitana," alisema. "Sasa imepita kwenye kitambaa. Aliyeichomeka alikuwa na haraka." Akaichomoa. "Koti lina tundu."

Jaji alitamani ardhi ipasuke. Alitazama lile tundu, dogo kama nukta, kwenye suti ya mtu ambaye angefika baada ya saa moja, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alivua kiatu, akavuta bahasha ya kwanza kutoka kwenye soksi na kuiweka mezani. Ilikuwa imekunjamana na ilikuwa na joto.

"Nilibadilisha," alisema. "Waziri ndiye muuaji. Koti lake lilikuwa na kiraka tangu mwanzo. Nilidanganya. Shangazi alipata kumi na tano na mimi nikadanganya."

Kishindo alihesabu kwa vidole. "Kwa hiyo dakika ya ishirini tulikuwa tumeshashinda?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimepigana na zimwi mara tatu bure?"

"Bure. Nisameheni." Aliisukuma bahasha mbele yao. "Niliogopa mtaona mchezo ni mfupi, msisaini. Sasa hamna haja ya kusaini. Nitamwambia mwalimu chumba awape kwaya."

Kimya alifunga daftari lake, na sauti ndogo ya jalada ilimuuma Jaji kuliko kelele zote za Kishindo. Shangazi alimvua Mheshimiwa koti. Aliwasha pasi ya mvuke, akatandaza kitambaa chenye unyevu juu ya ukosi, akabonyeza kwa pasi, kisha akasugua kwa ukucha. Nyuzi zikarudi mahali pake.

"Njoo uone," alimwambia Jaji. "Limejiziba. Limezibika kwa sababu tumeliona mapema. Mteja angelikuta mwenyewe arusini, nisingekuwa na pasi ya kumfuata huko."

Akaketi tena na kumkazia macho, bila ukali.

"Sikia, mwanangu. Ulitukatia nguo wiki tatu. Tukaivaa, ikatukaa mara ya kwanza. Badala ya kufurahi, ukaanza kuifumua tukiwa tumeivaa. Hivi fundi gani anakasirika nguo ikikaa?"

Kishindo alicheka. Jaji naye alitaka kucheka, lakini kamasi zilimtangulia.

"Wewe unaitwa Jaji," Shangazi aliendelea, "na nyuma ya boksi lile hakuna anayekuona. Ndiyo maana hapo hasa ndipo panapotaka uaminifu. Sisi tukirusha dadu tunakuamini wewe. Ukitudanganya, hata tukishinda hatujui kama tumeshinda. Mchezo mfupi wa kweli ningesaini. Huu mrefu wa uongo uliniletea usingizi."

"Sasa nifanye nini?"

"Turudishe kwenye makoti. Nilipata kumi na tano."

Jaji alishusha pumzi. Aliliangusha lile boksi, likalala mezani kifudifudi, akachukua karatasi ya tisa. "Waziri anageuza koti lake nje ndani," alisema. "Lina kiraka, na uzi wake ni mpya." Kisha akasita. Karatasi haikusema kitu kingine. Akaangalia nyuso tatu zilizomwinamia na akasema jambo ambalo hakuwa ameliandika popote. "Waziri anawatazama. Anapiga mluzi. Dirishani kunatokea joka, na yeye analirukia mgongoni."

"Nampiga rungu," Kishindo alipaza sauti, na safari hii ilikuwa zamu yake kweli.

Ilikuwa mbio. Walimfukuza Waziri juu ya mapaa ya kasri. Ufunguo ulirudi mfukoni mwake. Zimwi, ambalo sasa lilikuwa rafiki wa Kishindo, liliwabeba begani. Kimya alisema sentensi nne mfululizo na kulipulizia joka dawa ya usingizi. Fundi cherehani alipata kumi na sita, akamfunga Waziri miguu kwa futi ya kupimia. Mteja wa suti alifika saa kumi na moja kasoro, akakabidhiwa suti yake na kuonyeshwa mahali palipokuwa na tundu. Alipatazama, akasema haoni kitu, lakini hakuondoka.

"Na huyo joka ataamka lini?" aliuliza.

"Shika dadu," Kishindo alimwambia.

Jumatatu mwalimu wa maktaba alipokea karatasi yenye sahihi nne. Ya Kishindo ilikuwa imetoboa karatasi. Ya fundi cherehani ilikuwa na chaki. Ya nne ilikuwa ya mtu mzima ambaye mwalimu hakumfahamu. Chini ya sahihi ya Kimya kulikuwa na maneno madogo, nadhifu: "Nitarudi. Bahasha nitatunza mimi."

"Hii maana yake nini?" mwalimu aliuliza.

Jaji angeweza kusema ni utani tu. Alivuta kiti kimoja kibovu, akaketi, akamweleza yote tangu mwanzo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua droo na kumpa ufunguo wa chumba.