Siri Iliyopelekwa Kwenye Maombi

Ndugu zangu mnaopenda kusema "tumwombee fulani", sogeeni, hili linatuhusu sote.

Ijumaa ile, siku ya mapumziko huku nchi ya Kiarabu tunakofanya kazi, ibada ya kanisa letu la Mesaimeer ilikwisha salama. Watu walisimama uani wakiulizana habari za nyumbani, watoto wakikimbizana. Virginia, muuguzi aliyemaliza juzi tu masomo ya ushauri nasaha, alikuwa na furaha isiyofichika. Kanisa lilikuwa limempa chumba kidogo cha kusikiliza watu, na leo amepata mteja wa kwanza.

Mteja mwenyewe ni Mutai, fundi wa kompyuta kutoka Kenya, anayeishi mtaa wa Najma na mkewe Tiffany. Mtoto wao, aliyelelewa na nyanya yake huko nyumbani, alikuwa amefariki, nao wakanyimwa likizo ya kwenda kumzika. Tangu hapo Mutai hazungumzi nyumbani.

"Maziko tulionyeshwa kwa simu," alimwambia Virginia. "Tiffany alikuwa kazini. Jeneza lilipoanza kushushwa, nikazima. Nilimdanganya kwamba niliona yote."

Virginia alirudi kwake akilia. Sasa sikieni kosa. Akaandika kwenye kundi la maombi la akina mama: "Tumwombee ndugu mmoja wa kompyuta, Najma, aliyezima simu akashindwa kutazama maziko ya mwanawe." Jina hakutaja, akajiona ametunza siri. Lo! Kwani Wakenya wa Najma waliofiwa na mtoto mwaka huo walikuwa wangapi?

Kesho yake akina mama watatu wakabisha hodi kwa Tiffany na chapati zao na pole zao, wakamwambia asimlaumu mumewe kwa kuizima simu. Hayo Tiffany ndiyo kwanza ayasikie. Walipoondoka alimgeukia Mutai.

"Kanisa zima linajua, mimi mkeo sijui? Mwanangu mwenyewe!"

Akatoa sanduku, akasema anarudi Kenya.

Wengi wetu hapo tungesema, "Lakini sikutaja jina." Virginia hakusema hivyo. Alimweleza msimamizi wake wa ushauri nasaha kila kitu, akajitoa kwenye lile kundi, kisha akaenda Najma kumtafuta Mutai.

"Uliniamini, nami nikayatoa maneno yako. Kosa ni langu."

"Umekuja nikusamehe?"

"La. Nimekuja ujue ni mimi. Ijumaa nitakuwa kwenye kile chumba."

Ijumaa tatu alikaa peke yake, akisikia vicheko vya nje. Aibu ilimla, lakini hakuondoka. Ya nne Mutai akaingia, akakaa saa nzima bila neno, na Virginia naye asitamke lolote. Mwanamke yule, heko yake! Kunyamaza kule kulimgharimu kuliko mtihani wowote.

Saa ilipokwisha Mutai akauliza, "Wiki ijayo nije na Tiffany? Bado hajakata tiketi."

Walikuja. Mutai alisimulia mwenyewe tangu mwanzo, machozi yakimtoka, jinsi alivyoizima simu na kwa nini alidanganya. Tiffany akavuta kiti karibu naye.

"Ungeningoja, Baba," alisema. "Tungeizima pamoja."

Akamshika mkono, wakamlilia mtoto wao, wote wawili, kwa mara ya kwanza.

FUNZO

Siri ya mwenzako si yako kuigawa, hata ukiifunga ndani ya sala. Ukitaka kumwombea, omba wewe na Mungu wako, inatosha. Na wewe unayeanza kazi ya kusikiliza watu, utakosea. Ukikosea, nenda ukakiri, kisha ukae ungoje. Aliyeumizwa ndiye anayejua siku ya kurudi.