Wa Nne Kinamasini

Jambo la kwanza kwenda kombo lilikuwa hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa ya watu watatu tu, isiyoweza kumshinda hata mtoto wa chekechea.

Jumamosi hiyo dobi, mumewe na wifi yake walipanda basi la asubuhi mpaka kituo cha mwisho, pale basi linapogeuzia, hatua chache kutoka lango la hifadhi ya kinamasi. Wazo lilikuwa la wifi, karani wa posta, ambaye daktari alikuwa amemwambia atembee zaidi na kukaa kidogo. Dobi alikubali kwa sababu wiki nzima hakuwa ameona kitu ila povu na pasi. Mumewe, fundi wa lifti, alikubali kwa sababu hakuna safari aliyowahi kuikataa ilimradi kuna watu wa kuwachekesha. Mtaani walimwita Vituko, na hata mkewe alikuwa karibu kulisahau jina lake halisi.

Mlinzi wa hifadhi, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, aliandika kwenye daftari la wageni: watatu.

"Huko ndani hakuna ardhi," alisema bila kuinua macho. "Mnachokiona ni mboji, majani yaliyokufa zamani yakakataa kuoza. Njia ni ya mbao, inazunguka na kuwarudisha hapahapa langoni. Ukikanyaga nje ya mbao, unazama. Ukungu ukishuka, kila mkifika kwenye nguzo mhesabiane. Wa mbele aseme moja, wa kati mbili, wa nyuma aseme tatu, mwisho. Ndipo mwendelee."

"Sawa, dada," alisema dobi.

Mlinzi akapunguza sauti. "Na baada ya neno mwisho, mkisikia chochote, msijibu."

"Chochote kama nini? Chura?" aliuliza Vituko. Mlinzi hakucheka, na hilo lilimshangaza dobi, maana hata watu waliofiwa huwa wanachekeshwa na Vituko.

Ukungu ulishuka walipopita nguzo ya tano. Ulikuja chini chini, ukafunika maji meusi, ukafunika mbao, ukawafunika wao wenyewe. Kulikuwa na harufu ya chuma kilicholowa na ya majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika. Walipofika nguzo ya sita dobi, aliyekuwa mbele, alisimama.

"Moja!"

"Mbili!" alisema wifi.

"Tatu, mwisho!" alisema Vituko.

"Nne," ilisema sauti nyuma yao.

Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa imelowa, kama mtu anayezungumza na maji mdomoni. Nywele zilimsisimka dobi. Alimsikia wifi akivuta pumzi na kuizuia.

Lakini Vituko alikuwa Vituko. "Nne, kaza mwendo bwana, basi halimngojei mtu!" alipaza sauti. "Njoo, utakaa na sisi!"

"Kaka, nyamaza!" alinong'ona wifi.

Mbao zikalia nyuma yao: kwich, kwich, kwich. Zililia hivyo mpaka langoni.

Mlinzi alikuwa na kalamu mkononi. "Mmetoka wangapi?"

"Watatu na mgeni mmoja," alisema Vituko akicheka. "Tumemkaribisha nyumbani."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. "Umemkaribisha kwa mdomo wako?"

"Utani tu, dada."

"Yeye hajui utani," alisema mlinzi, na uso ulikuwa umempauka. "Akiwafuata, mrudisheni kabla wiki haijaisha. Mje nyote watatu, mpangane vilevile. Nguzo ya sita mhesabu, ataje namba yake, mumwache hapo. Asigeuke mtu mpaka langoni. Akishaizoea nyumba, hatoki tena."

Kwenye basi la kurudi kiti cha pembeni mwa Vituko kilikuwa kitupu, na kilikuwa kinachuruzika maji.

Jumapili walipata nyayo za matope sebuleni, za mguu mmoja tu, wa kushoto, zikitoka mlangoni na kuishia kwenye kiti cha Vituko. Jumatatu, kwenye duka la dobi, mashuka meupe ya nyumba ya wageni yalitoka kwenye beseni yakiwa na rangi ya chai ya mkandaa, ile kali isiyo na maziwa. Dobi aliyasuuza, akayasuuza tena, akajiambia ni kutu ya mabomba. Alijua kutu ya mabomba. Hii haikuwa yenyewe, na alijua vilevile kwamba anajidanganya.

Jumanne mchana alikuwa peke yake akipiga pasi, aliposikia mumewe akicheka chumba cha nyuma, kule kwenye mapipa ya kuloweka nguo.

"Mke wangu," ilisema sauti, "unajua kwa nini lifti haiolewi?"

Ulikuwa mzaha wa Vituko, wa zamani kuliko ndoa yao. Dobi alitabasamu kabla hajakumbuka kwamba Vituko alikuwa kazini. Alichukua simu na kumpigia, na mumewe akapokea akiwa ghorofa ya kumi na mbili ya jengo la benki, huku kule nyuma, ndani ya pipa lenye kifuniko, sauti yake ileile ilikuwa ikiendelea kucheka, ikikosea kidogo mwishoni, ikianza upya, ikicheka tena, mpaka ikapatia.

Pasi iliunguza suruali ya mteja. Dobi hakuhisi hata harufu.

Jioni Vituko alirudi akakaa jikoni na kofia yake ya kazi magotini. Hakumtania mtu. Chakula hakukigusa.

"Ndani ya shimo la lifti," alisema taratibu, "nasikia mtu anasema mizaha yangu kabla sijaisema mimi. Mke wangu, yule anajifunza kuwa mimi."

"Kesho tunarudi," alisema dobi. Alimshika mkono. Ulikuwa na grisi kama kawaida, grisi ile ya kwenye kiwiko cha kulia cha shati lake ambayo kwa miaka kumi na mmoja ameisugua kwa kila sabuni iliyowahi kuuzwa duniani na haijawahi kutoka yote. Alimpenda sana saa hiyo, akaogopa kumwambia, asije akadhani anaagwa.

Jumatano walipanda basi lilelile. Vituko hakumchekesha abiria hata mmoja. Alishikilia chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mlinzi aliwaandika watatu, akawafungulia.

Ukungu ulikuwa unawasubiri. Dobi alitembea mbele, nyuma yake akisikia buti za wifi, na nyuma ya wifi buti za mumewe, na nyuma ya mumewe zile mbao, kwich, kwich. Kijasho chembamba kilimtoka ingawa palikuwa na baridi ya kung'ata meno. Nguzo ya sita aliigusa kabla hajaiona.

"Moja," alisema.

"Mbili," alisema wifi, kama mtu anayelia.

Ikaja sauti ya kitu kizito kutumbukia, chubwi, na mbao zikatikisika chini ya miguu yao.

"Tatu, mwisho," alisema Vituko, nyuma yao, juu ya mbao.

"Tatu, mwisho," alisema Vituko, upande wa kushoto, chini, kwenye mboji.

Hakuna aliyesema nne.

"Usigeuke, wifi," alinong'ona dada yake Vituko nyuma ya dobi. "Mlinzi alisema asigeuke mtu."

"Nishikeni mkono," ilisema sauti ya kushoto. "Nimezama mpaka kiunoni."

"Haya, sikieni huyo!" ilisema sauti ya juu ya mbao. "Anadai amezama, mimi hata beseni la kuogea naliogopa! Twendeni, basi halimngojei mtu." Wifi akaangua kicheko, kicheko cha woga, kirefu, na dobi naye akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka, kwa sababu tangu jana jioni mume wake hakuwa amefanya mzaha hata mmoja na sasa amerudi, huyu hapa, Vituko wake, nyuma yake juu ya mbao ambapo mtu anapaswa kuwa, na kilichobaki ni kutembea tu, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, bila kugeuka, nguzo ya saba, ya nane, ya tisa, na kule nyuma kwenye ukungu ile sauti nyingine ikizidi kufifia, haipigi kelele tena, haibembelezi, inasema kitu kimoja tu.

"Mke wangu, naogopa."

Katika miaka kumi na mmoja Vituko hakuwahi kumwambia hivyo. Dobi alijisemea kwamba ndiyo sababu haiwezi kuwa yeye.

Langoni waligeuka. Mumewe alikuwa hapo, suruali imelowa mpaka magotini, anatabasamu.

"Wangapi?" aliuliza mlinzi.

"Watatu," alisema wifi, akamkumbatia kaka yake kwa nguvu. Mlinzi alihesabu kwa kidole, akaandika, akafunga daftari.

Nyumbani hapakuwa na nyayo tena wala kicheko kwenye mapipa. Vituko alikula sahani mbili. Alisimulia mzaha wa lifti isiyoolewa, akaupatia mpaka mwisho. Kulipokucha dobi alichukua shati la kazi ambalo mumewe alirudi amelivaa kutoka kinamasini, akaenda nalo dukani mapema kabla ya wateja, maana kufua ndiko kunakomtuliza.

Alianza na kiwiko cha kulia, kama siku zote. Kilikuwa safi. Alikigeuza, akatazama cha kushoto, akarudi kwenye kola. Hapakuwa na grisi, wala jasho, wala ule mstari wa shingo ambao dobi huwatambulia wateja wake bila kuuliza majina. Alilitumbukiza shati kwenye beseni, na maji yakageuka kahawia. Akayamwaga, akasuuza. Kahawia. Akasuuza tena, mara tano, mara sita, na harufu ya majani ya chai ikajaa chumba, na hapo akaelewa ni nani aliyemwacha kwenye mboji akimwambia anaogopa.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa.

"Limetakata, mke wangu?" aliuliza mumewe kwa furaha.

Dobi hakugeuka. Alishika ukingo wa beseni, akalazimisha midomo yake ifunguke.

"Moja," alisema.

Maji yalidondoka sakafuni nyuma yake, tone moja moja. Akataja yeye mwenyewe na namba ya wifi yake.

"Mbili."

Mkono uliolowa ulitua begani mwake, polepole, kama wa mtu aliyekwisha kuizoea nyumba.

"Nne," alisema.