Uzi Mweusi Kwenye Waya wa Kamera

Kilichomshangaza fundi kwanza ni harufu. Kompyuta za watu hunuka vumbi, hunuka jasho la mikono, nyingine hunuka mende kabisa. Hii ya mama mshonaji, kila alipoinua kioo chake, ilinuka nywele zilizoungua. Akajisemea labda kuna waya umeungua ndani, akaendelea na kazi.

"Kamera haionekani," mshonaji alimwambia asubuhi alipoileta. "Nikitaka kuongea na mwanangu aliye safarini, inaniambia hakuna kamera. Ilikuwa ya marehemu dada yangu. Nitengenezee, fundi wangu, nimuone mtoto."

Kazi ndogo hiyo, ya kumaliza huku unapiga soga. Fundi alikagua mipangilio, akakuta ruhusa zote ziko wazi. Akaizima, akaiwasha. Akaweka upya programu ya kuiendesha kamera. Wapi! Kwenye orodha ya vifaa kamera haikuwemo kabisa, kama haijawahi kuwepo.

Nyuma yake alikaa binti yake, Kidoti, katoka shule, kajaa maneno.

"Baba, lini nitasukwa? Wenzangu wananicheka."

"Kesho, mama."

Kesho hiyo sasa ilikuwa na miezi. Tangu mkewe afariki, fundi alimfunga mtoto nywele kwa mpira, shaghalabaghala, maana mikono ile iliyoweza kuunganisha vijiwaya visivyoonekana haikujua kusuka. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Akabandua fremu ya kioo taratibu kwa kadi ya plastiki, na hapo akacheka kwa dharau. Waya wa kamera ulikuwa umechomolewa, ukazungushiwa uzi mweusi, mafundo juu ya mafundo. "Lo, mafundi wa vichochoroni hawa!" Sasa, fundi akikuta waya umechomoka, mkono wake hauulizi, unachomeka. Ndivyo walivyo wote. Akaukata uzi kwa wembe, akachomeka waya, akawasha.

Kitaa kidogo juu ya kioo kikawaka. Picha ikaja, safi kabisa: yeye, meza yake, Kidoti nyuma. Akatabasamu. Harufu ikazidi.

"Baba," Kidoti akasema polepole, "nani ananisuka?"

Fundi akageuka. Mtoto alikuwa peke yake, amefumba macho kwa raha. Akakirudia kioo, na mle ndani, nyuma ya mwanawe, alisimama mwanamke mrefu aliyeinama, uso umefunikwa na nywele zake mwenyewe, vidole vikienda na kurudi kichwani mwa Kidoti bila haraka yoyote, na fundi alipogeuka tena hakuona mtu, aliona nywele tu, zikigawanyika zenyewe, zikipandana, zikikazwa, msuko mmoja ukiisha na mwingine ukianza, huku mtoto akitabasamu.

Akachomoa waya. Picha ikabaki. Akang'oa betri. Kitaa kikaendelea kuwaka. Akampigia mshonaji.

"Dada, humu ndani kulikuwa na uzi..."

"Umeukata?"

"Nimeukata."

"Masikini wee!" Sauti ilishuka ikawa mnong'ono. "Mganga alituambia amemfunga yule jini wa marehemu dada, hakutuambia kamfunga wapi. Sikujua, fundi, naapa sikujua. Alikuwa anamsuka. Alipokaribia kumaliza kichwa, dada akawa haonekani kwenye picha yoyote, na huku yuko mbele yetu anacheka. Kesho yake tukamzika."

"Mganga yuko wapi?"

"Naye tulimzika." Akaanza kulia.

Fundi alichukua mkasi akakata msuko wa kwanza. Ukajisuka upya mkononi mwake. "Baba, usikate!" Kidoti akalia. "Nimeanza kupendeza!" Akamnyakua, akatoka naye mbio hadi barabarani, kwenye jua, kwenye watu, akidhani jini huogopa watu, akipita wauza mboga na wapiga pasi waliomwachia njia, na muda wote akisikia karibu na sikio lake mkwaruzo wa kitana kikishuka kwenye nywele, haukatiki, hausogei mbali.

"Kidoti, umependeza leo!" mama mmoja akapaza sauti. "Nani kakusuka?"

Fundi akasimama. Pumzi zilimwishia. Akamshusha mtoto, akamshika mkono, na kwa mkono wa pili akatoa simu, akamwelekezea kamera. Hakutaka kutazama. Akatazama.

Kwenye kioo cha simu ulikuwepo ukuta, jua, na mwanamke aliyeinama, vidole vikikaza msuko wa mwisho. Chini ya vidole hapakuwa na mtu.

"Baba, nimependeza?"

Kiganja cha mtoto kilikuwa bado cha moto ndani ya chake.

"Umependeza, mama," akajibu machozi yakimtoka, akakikaza kile kiganja kwa nguvu zake zote, akimkodolea macho, akiogopa hata kupepesa.